Usione Vyaelea: Binti wa Chifu na Jua la Lodwar

Jioni ikiingia, na hasa katika siku za Sikukuu, watu wa Mombasa hutoka majumbani mwao wakaelekea ufukweni, kwenye Barabara ya Mama Ngina. Wanawake na mabuibui yao, wazee na kofia zao, watoto wameshikwa mikono. Huketi wakala mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, wakanywa madafu, wakatazama meli zikipita mlangoni kuingia Kilindini. Wakoloni waliiita barabara ile Azania Drive. Baada ya uhuru ikapewa jina la mke wa Rais wa kwanza, na tarehe 20 Oktoba 2019, Siku ya Mashujaa, mwanawe aliyekuwa Rais wa nne aliadhimisha sikukuu ile papo hapo, katika bustani iliyokuwa imetengenezwa upya.

Kila mmoja wetu amelitamka jina lile mara elfu. "Tukutane Mama Ngina." "Watoto nimewapeleka Mama Ngina." Lakini jioni moja mjukuu wa jirani yangu, tuliyekuwa tumeketi naye pale, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari: "Babu, huyo Mama Ngina alikuwa mtoto wa nani?"

Swali la mtoto lisidharauliwe. Hilo ndilo swali letu la kwanza sisi watu wa pwani. Posa ikiletwa nyumbani, kabla ya kutajwa mahari na kabla ya kufunguliwa sinia la tambuu, shangazi mtu huuliza: "Huyu ni wa nyumba gani? Mamake ni nani? Alilelewa wapi?" Na chuoni tulifunzwa kwamba mwanamke huolewa kwa mambo manne: mali yake, nasaba yake, uzuri wake na dini yake, na kwamba aliyefuzu ni yule aliyeangalia dini. Kwa hiyo nasaba imo katika hesabu, ila haikupewa daraja la mwisho. Neno hilo, msomaji, naomba uliweke kando, tutalirudia.

Nasema hivi kwa sababu suala la wake wa wakubwa limekuwa suala la nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haina cheo cha mke wa Rais. Hakuna ibara inayompa kazi, wala hali kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Hata hivyo ofisi ipo, wafanyakazi wapo na magari yapo. Vijana walipomiminika barabarani mwezi wa Juni 2024 kuupinga mswada wa fedha, moja katika malalamiko yao lilikuwa ni gharama hizo. Na Julai mwaka ule ule Rais Ruto akatangaza kwamba ofisi ya mke wa Rais, ya mke wa Naibu wa Rais na ya mke wa Mkuu wa Mawaziri hazitatengewa tena fungu katika bajeti.

Basi huyu ni mtu mwenye sauti karibu na sikio la mtawala, na hakuna aliyempigia kura. Mwanasiasa tunaisoma ilani yake. Mkewe tutamsoma kwa kitabu gani? Hatuna kitabu ila utoto wake na nyumba aliyotoka. Ndiyo sababu kila ukaribiapo uchaguzi watu huanza kuchimbua: wa kabila gani, babake alifanya kazi gani, alisoma wapi. Nami nikajiuliza kama uchimbuzi huo una faida, au ni umbeya uliovishwa kanzu. Ili nijibu, nilikwenda mahali ambapo sikuwahi kufika: Lodwar, na kutoka Lodwar hadi Kakuma.

NJIA YA WAFUNGWA

Safari ya kutoka Mombasa hadi Lodwar ni safari ya kuikata nchi nzima. Unapita Nairobi, unapanda hadi Kitale kwenye baridi na mashamba ya mahindi, unapita Kapenguria, kisha barabara yateremka na joto lapanda, mpaka miti inakuwa ya miiba na ardhi inakuwa changarawe. Atokaye pwani hudhani alijua jua. Jua la Lodwar halina bahari ya kulipoza.

Njia yenyewe ni historia. Kapenguria ndipo Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, waliposhtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Hukumu ilisomwa tarehe 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Kenyatta akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Alipomaliza kifungo chake, Aprili 1959, hakuachwa arudi kwao. Aliteremshwa hadi Lodwar, akawekewa mipaka, akaamrishwa kujionyesha kwa Mkuu wa Wilaya mara mbili kila siku. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni haingii ila kwa kibali. Serikali haikuhitaji kujenga ukuta, kwani jangwa lilitosha.

Hapo Lodwar ndipo mkewe, Ngina, alipomfuata.

Nilisimama kando ya mto Turkwel, chini ya mikoma. Wenzangu wa Kilifi na Lamu wanaujua mkoma na makoma yake. Sikutaraji kuukuta mti wa kwetu huko, nikafurahi kama aliyekutana na jamaa. Bi kizee mmoja wa Kiturkana alikuwa ameketi kivulini akisuka kikapu kwa ukuti wake. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba hata kwetu wanawake husuka mikeka na makanda. Akaniangalia kofia, akacheka.

"Mzee, kwenu nani anajenga nyumba?"

"Mume, mama. Mume hujenga, mke akaingia."

"Kwetu mke ndiye anajenga. Anakata matawi, anafunga, anaezeka. Mume analala tu." Akasuka mizunguko miwili mitatu, kisha akaongeza: "Kwa hiyo kama unataka kujua mke, usiangalie mali ya baba yake. Uliza kama mama yake alijua kujenga."

Sikumwambia kwamba neno hilo moja lilikuwa limenilipia nauli yangu.

BINTI WA CHIFU

Ngina alizaliwa mwaka 1933 katika sehemu za Ngenda, Gatundu, wilaya ya Kiambu. Babake ni Muhoho wa Gathecha, chifu. Mamake ni Anne Nyokabi. Ndugu yake mmoja, George Muhoho, alikuwa padri wa Kikatoliki, kisha akaingia siasa, akawa mbunge na waziri. Hiyo ndiyo nyumba.

Wengi hulisoma neno "chifu" wakapita. Sisi tusipite. Chifu wa Kikuyu katika zama za ukoloni hakuwa mfalme wa jadi. Wakikuyu kabla ya Mwingereza waliamuliwa na mabaraza ya wazee, hawakuwa na mtawala mmoja. Cheo cha chifu kilianzishwa na serikali ya kikoloni, ikamlipa mshahara, ikamtaka akusanye kodi, atoe watu wa kazi na alete habari. Nyumba ya chifu ndiyo nyumba aliyofika Mkuu wa Wilaya. Mtoto aliyelelewa humo aliona mapema mambo ambayo watoto wa jirani hawakuyaona: karani na daftari lake, askari na bunduki yake, wazee waliokuja kuomba na wazee waliokuja kulia. Pwani tuliwajua mabinti wa maliwali na mamudiri. Walijua siri ya utawala kabla hawajajua kupika wali.

Mwaka 1951 binti huyo, aliyekuwa na miaka kumi na minane au karibu yake, akaolewa na Kenyatta. Mume alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, aliyekaa Ulaya kutoka 1931 hadi 1946. Yeye alikuwa mke wa nne. Wa kwanza ni Grace Wahu, mama wa Peter Muigai na Margaret. Wa pili ni Edna Clarke, Mwingereza. Wa tatu ni Grace Wanjiku, binti wa Chifu mkubwa Koinange, aliyefariki mwaka 1950 alipojifungua mtoto wa kike. Tazama hesabu hii: Margaret, binti wa mume, alizaliwa mwaka 1928, basi Ngina alikuwa mama wa kambo wa mtu aliyemzidi umri kwa miaka mitano. Margaret ndiye baadaye aliyekuwa Meya wa Nairobi kutoka 1970 hadi 1976.

Yasemwa kwamba Ngina alitolewa kama zawadi ya jamii kwa kiongozi wao. Wengine hulisema hilo kwa kulisifu, wengine kwa kulilaumu. Mimi naona jambo moja lililo wazi. Kenyatta alipooa mara mbili mfululizo katika nyumba za machifu, binti wa Koinange kisha binti wa Muhoho, hakuwa akioa mtu mmoja mmoja. Alikuwa akijifunga kamba na koo zenye nguvu katika Kiambu. Ndoa ilikuwa siasa kabla ya siasa kuruhusiwa. Nasi pwani tusimcheke, maana ni ndoa ngapi za Mombasa na Unguja zilifungwa ili kuzima ugomvi wa mitaa au kuunganisha maduka mawili?

Kisha ikaja Oktoba 1952. Chifu Waruhiu akauawa tarehe 7. Tarehe 20 Hali ya Hatari ikatangazwa, na usiku ule Kenyatta akakamatwa. Bibi arusi wa mwaka mmoja hivi akaachwa katikati ya mito miwili. Kwa upande mmoja alikuwa mke wa mtu aliyeitwa na serikali mkuu wa maasi. Kwa upande wa pili alikuwa binti wa nyumba iliyokula mshahara wa serikali hiyo hiyo. Wala machifu wenyewe hawakuwa wa rangi moja: Koinange alishtakiwa kwa kifo cha Waruhiu, mahakama ikamwachilia, na bado akawekwa kizuizini kwa miaka. Vita ile, asiyeijua huiita vita ya weusi na weupe. Aliyeijua huiita vita iliyopita katikati ya kitanda na katikati ya sahani.

Sina mashaka kwamba hapo ndipo malezi yalipojibu. Binti aliyekulia katika nyumba anayofika Mkuu wa Wilaya, alipofika Lodwar na kumwona mumewe akienda asubuhi na jioni kujionyesha kwa Mkuu wa Wilaya, hakuona jini. Aliona karani mwenye daftari, mtu anayetumwa na kuhamishwa. Mwenye kuijua serikali kwa ndani haiogopi kama amwonaye askari tu kwa nje. Hii ni rai yangu, msomaji, wala sikuisoma mahali. Lakini jaribu kuipinga.

NASABA KATIKA MAJINA

Machi 1961 wajumbe wa KANU na KADU walifunga safari kwenda Lodwar kumwona Kenyatta. KANU ilikuwa imeshinda uchaguzi wa Februari na kukataa kuunda serikali mpaka aachiliwe. Mwenzetu wa pwani, Ronald Ngala wa KADU, ndiye aliyekubali kuongoza shughuli za serikali. Aprili Kenyatta akahamishiwa Maralal, na Agosti 1961 akarejeshwa Gatundu akawa huru. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo Ngina akajifungua mtoto wa kiume. Wakunga wetu, wahesabuo miezi kwa vidole, watarudi nyuma hadi Januari 1961. Na Januari ile Kenyatta alikuwa bado Lodwar. Sina haja ya kusema zaidi. Mtoto akaitwa Uhuru Muigai, akaja kuwa Rais kutoka 2013 hadi 2022.

Nilipokuwa nikiyaandika majina ya watoto wale kwenye karatasi, nikaona kitu. Kwa mila ya Kikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mabinti vivyo hivyo: wa kwanza bibi mzaa baba, wa pili bibi mzaa mama. Babake Kenyatta ni Muigai, mamake ni Wambui. Sasa watazame watoto wa Ngina: Christine Wambui, Uhuru Muigai, Anna Nyokabi, Muhoho. Wawili wa nyumba ya mume, wawili wa nyumba ya mke. Chifu Muhoho na mkewe Nyokabi wameingia katika jamaa ya Rais kwa mlango wa majina, wakakaa kiti sawa na wazazi wa Kenyatta.

Sisi hutumia bin na binti kwa baba, na jina la mama hubaki jikoni. Kwa wenzetu, mke haji peke yake. Huja na mamake mkononi. Aulizaye "mtoto wa nani?" kwa Kikuyu hujibiwa kwa kuitwa mtoto jina lake tu. Bi kizee wa Turkwel aliposema "uliza mama yake", alikuwa akisema yale yale kwa lugha ya makuti.

MFANO WA KUSINI

Ili tusidhani kwamba kisa hiki ni cha Kiambu tu, tutazame Afrika Kusini. Winnie Madikizela alizaliwa mwaka 1936 huko Bizana, katika nchi ya Wapondo. Babake, Columbus, alikuwa mwalimu. Mamake alikufa Winnie akiwa mtoto mdogo. Akaolewa na Nelson Mandela mwaka 1958. Mwaka 1962 mumewe akakamatwa na hakutoka hadi Februari 1990. Na babake? Columbus Madikizela akawa waziri katika serikali ya Transkei chini ya Kaiser Matanzima, yaani serikali iliyolelewa na makaburu wale wale waliomfunga mkwewe. Mwaka 1977 Winnie akahamishwa kwa nguvu hadi Brandfort, mji wa ugenini, nao ukawa Lodwar yake.

Mabinti wawili, basi, wa baba wawili waliokula na serikali, wakaolewa na waume wawili waliofungwa na serikali. Gudi ni moja. Lakini vyombo vilivyotoka gudini havikwenda bandari moja. Mmoja aliingia Ikulu pamoja na mumewe akakaa humo hadi 1978, na jamaa yake ikawa katika matajiri wakubwa wa nchi. Wa pili alijivika vita mwenyewe, akafungwa, akatuhumiwa makubwa, na ndoa yake ikavunjika baada ya mume kutoka kifungoni. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kweli vimeundwa. Lakini fundi wa gudi hashiki usukani wa safari nzima.

Hapo nalirudia lile neno nililokuomba uliweke kando. Nasaba imo katika hesabu, wala si ya mwisho. Yatuambia mtu alianzia wapi na alikuwa na nini mkononi. Alichokifanya nacho haituambii.

Nayasema haya nikijua kwamba pwani jina la jamaa ile halitajwi bila kutajwa ardhi. Donda la ardhi ya pwani ni bichi, na watu wana haki ya kuuliza nani alipata nini, lini, na kwa hati gani. Lakini swali hilo ni la mtu mzima mwenye mamlaka, lijibiwe kwa hati na mahakamani. Tusimtwishe msichana wa Ngenda wa mwaka 1951 madhambi ya miaka ya sabini, wala tusiyafunike ya miaka ya sabini kwa machozi ya Lodwar. Mizani ina vitanga viwili.

Mwenyewe nina kumbukumbu yangu ndogo. Tarehe 22 Agosti 1978 nilikuwa mtoto wa chuoni, mwezi wa Ramadhani, na funga yangu ilikuwa ya nusu siku. Mwalimu akatuambia tufunge juzuu zetu twende nyumbani, Mzee amefariki, tena amefia hapa hapa Mombasa, Ikulu. Watu wazima walinong'ona juu ya nani atatawala. Mamangu, Mungu amrehemu, hakuuliza hilo. Alisema: "Maskini mkewe. Amekuja pwani na mume, atarudi na jeneza." Ngina alikuwa na miaka arubaini na mitano. Sikujua wakati ule kwamba mamangu alikuwa amefanya uchambuzi wa siasa.

KAKUMA

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita mia moja na ishirini hivi. Mto Tarach niliukuta mchanga mtupu. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, na pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016 imekuwa na watu karibu laki tatu: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Wahabeshi na wengineo. Watu wa Mombasa tuna jamaa humo bila kujua. Kambi zetu za miaka ya tisini zilipofungwa, baadhi ya wale tuliokuwa nao jirani walihamishiwa Kakuma na Dadaab.

Humo swali la "mtoto wa nani?" limepoteza jibu. Nilizungumza na msichana wa miaka kumi na sita hivi, mzaliwa wa kambini, wazazi wake wametoka Kongo ya mashariki. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kitamu, akiniita "papa" kila sentensi. Nikamuuliza ukoo wake.

"Papa, wanapotuambia tuandike ukoo, mimi naandika namba ya kadi," akasema. Hakuwa akifanya mzaha.

Akanieleza kuhusu mwenzake wa darasani, binti wa taifa jingine, mwanafunzi hodari wa hesabu. Walikuja wajomba, wakamvusha mpaka, akaolewa kwa ng'ombe. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipopunguzwa mno, hata watu wakaandamana, jambo hilo likawa rahisi zaidi, kwani mdomo mmoja ukipungua sufuria hutosha. Sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yakataza kumwoza aliye chini ya miaka kumi na minane. Sheria ipo Nairobi. Ng'ombe wako ng'ambo ya mpaka.

Nikafikiri juu ya mahari. Kwetu, kwa sheria ya dini, mahari ni ya mwanamke mwenyewe, si ya babake wala ya mjomba, ingawa tunajua nyumba ambazo mahari huishia katika mfuko wa mwingine. Kwa Waturkana mifugo ya mahari hukusanywa kwa jamaa wa mume na kugawiwa jamaa wa mke, na ndiyo dhamana ya udugu wao. Kwa Wakikuyu ruracio huzijenga koo mbili. Kila mila ina hekima yake maadamu msichana ana kauli. Akikosa kauli, zote huwa biashara, yetu pamoja nazo.

"Wewe unataka kuwa nani?" nikamuuliza yule binti.

"Avoka," akasema, yaani wakili. "Na sitaki waseme mke wa nani."

Msidhani ni ndoto za jua kali. Rose Nathike Lokonyen alifika Kakuma akiwa mtoto, akikimbia vita. Mwaka 2016 ndiye aliyebeba bendera ya timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Halima Aden alizaliwa Kakuma mwaka 1997, akavaa hijabu yake mbele ya kamera za Marekani bila kuivua. Na kule kwetu, katika kambi ya Utange karibu na Mombasa, alikaa miaka minne mtoto wa Kisomali aitwaye Ilhan Omar. Mwaka 2018 akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Leo mumewe ndiye aitwaye mume wa mwanasiasa, na mumewe ndiye aulizwaye ni nani. Turkana penyewe, viti vya wawakilishi wa wanawake vilivyoanza mwaka 2013 vimewaleta Bungeni Joyce Emanikor kisha Cecilia Ngitit, kwa majina yao wenyewe.

Hapo nikapata jibu la swali langu la awali. Kuuliza utoto wa mke wa mkubwa si umbeya, maana asiyeapa hatuna kingine cha kumpimia. Lakini ni kipimo cha dharura, cha nchi inayomfikisha mwanamke kwenye madaraka kwa mlango wa chumbani. Atakapoingia kwa mlango wa mbele, tutamuuliza kazi yake, na nasaba itarudi mahali pake panapostahili: kwenye majina ya watoto, na kwenye mazungumzo ya mashangazi.

Niliporudi Mombasa tuliketi tena na yule mjukuu pale ufukweni, mihogo mkononi. Nikamwambia: Mama Ngina alikuwa mtoto wa Chifu Muhoho na wa Nyokabi, wa Ngenda. Akiwa msichana aliolewa na mtu mzima. Mumewe alifungwa, naye akamfuata mpaka jangwani ambako mikoma huota kama hapa kwetu. Mengine aliyoyafanya baadaye utayasoma mwenyewe ukiwa mkubwa, mazuri na mabaya, na utahukumu.

Mtoto akatafuna kidogo. "Na mimi, babu," akasema, "watauliza nilikuwa mtoto wa nani?"

Ni binti wa miaka minane, chuoni amefika Juzuu Amma. Nikamwambia watauliza, mwanangu. Ila ahakikishe wanauliza pia amefanya nini.